Efatha katika Kidato cha Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Wiki hii nzima nimekaa na neno moja la Injili, nalo si la Kiswahili wala si la Kiingereza. Efatha. Limo katika Marko 7:31-37, pale Bwana alipoletewa mtu kiziwi, "naye ni mwenye utasi", asiyeweza kusema sawasawa. Nawaomba mfungue Biblia msome mistari hiyo saba taratibu kabla ya kuendelea nami, kwa sababu ninayotaka kuwashirikisha yametokea darasani kwangu, hapa Bagamoyo, na bila mistari hiyo yatabaki kuwa habari za shule tu.

Nafundisha Jiografia katika shule ya sekondari ya Kikatoliki. Mnajua watoto wetu wanavyofika Kidato cha Kwanza. Wengi wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha mwezi wa kwanza unafika, na asubuhi moja tu kila kitu kimegeuka. Hesabu ni Kiingereza, Baiolojia ni Kiingereza, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni ni Kiingereza. Mtoto aliyekuwa mwepesi wa kujibu darasa la saba anaketi kimya kama mgeni aliyeingia nyumba asiyoijua. Nimeliona hilo miaka mingi, na nakiri kwamba nililizoea. Mazoea ni hatari sana kwa mwalimu.

Tulikuwa tumefika kwenye mwezi na bahari. Nikauliza, kwa Kiingereza kama utaratibu ulivyo, ni nini kinachofanya maji yajae na kupwa. Kijana mmoja wa dawati la tatu akanyoosha mkono. Baba yake ni mvuvi. Alikuwa hajawahi kunyoosha mkono tangu shule ifunguliwe. Akasimama, akatoa maneno mawili ya Kiingereza, la tatu likakataa kuja. Akajaribu tena. Midomo inacheza, sauti haitoki. Nyuma wakaanza kucheka, kicheko kikapita dawati hadi dawati, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu pamoja nao. Kisha nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka: keti, anayejua ajibu.

Anayejua ajibu. Maneno hayo yalinirudia Jumamosi yake.

Nilikwenda kununua samaki. Maji yalikuwa yamepwa mbali, mashua zimelala ubavu mchangani, na watu walikuwa wametawanyika huko mbele wakitafuta pweza. Nikamwona yule kijana amechutama na mdogo wake wa kike, kidole mchangani, anamchorea. Hakuniona. Nikamsikia anasema: mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, hiyo ndiyo bamvua, ndiyo maana leo pweza wanapatikana. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali, hayo maji mafu, ukija utarudi na kikapu kitupu. Mtoto akauliza kwa nini. Akachora duara tatu mstari mmoja. Mwezi unavuta maji, akasema, na jua nalo linavuta. Siku za bamvua vinavuta kwenye mstari mmoja, kwa hiyo nguvu zinajumlishwa. Mwezi ukiwa nusu, kila kimoja kinavuta upande wake.

Ndugu zangu, nilisimama pale na kikapu changu nikahisi miguu mizito. Habari za pweza alizipata kwa baba yake. Habari za mwezi na jua kuvuta alizipata kwangu, darasani, siku ileile niliyomketisha. Pamoja na aibu yote ile aliendelea kunisikiliza, akaenda nyumbani, akaunganisha ya kwangu na ya baba yake, peke yake. Sikuwa na mwanafunzi mwingine katika wale 45 aliyelielewa somo kiasi kile. Na nilikuwa nimemwambia aketi ili anayejua ajibu.

Akageuka akaniona. "Shikamoo, madamu." Nikaitikia marahaba. Nikamwambia, endelea, nakusikiliza. Akatazama chini, akaufuta mchoro kwa kiganja. Kinywa kilifungwa mbele yangu kama duka saa ya swala.

Kesho yake ilikuwa Dominika. Tumeisali sala ile ya mwanzo wa Misa tangu utoto hata ulimi unakwenda wenyewe: nimekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Mkono unapiga kifua huku akili iko kwenye chai ya mchana. Lakini safari hii nilikwama mwanzoni kabisa. Nakuungamia Mungu Mwenyezi, *nanyi ndugu zangu*. Nanyi. Nilijiuliza ndugu hao ni nani. Jirani yangu kwenye benchi hakuhusika na kosa langu. Walioliona ni watoto 45 waliokuwa darasani. Kama ninaungama kwa Mungu na kwa ndugu, basi nusu ya maungamo yangu ilikuwa inaningoja Jumatatu, kipindi cha tatu.

Nilipotoka Misa ndipo nikalisoma upya lile simulizi la Marko, na sasa tusikimbie, kwa maana kila tendo la Bwana pale lina uzito.

Kwanza, "akamtenga na mkutano faraghani". Watu walitaka kuona muujiza. Bwana hakumfanya yule mgonjwa kuwa onyesho. Alijua kwamba mtu aliyechekwa kwa miaka, mtu ambaye kila akifungua kinywa wenzake wanakonyezana, haponi mbele ya macho ya umati. Nilipofika hapo nililia, kwa sababu mimi nilifanya kinyume kabisa: nilimwacha mtoto katikati ya mkutano na kujiunga na mkutano.

Kisha angalieni wapi vidole vya Bwana vinaanzia. Vinaanzia masikioni. Ulimi unafuata. Ndivyo ilivyo hata katika Ubatizo, pale padre anapofanya tendo la Efatha: anagusa masikio ya mtoto, halafu kinywa. Sisi walimu tuna haraka ya ulimi. Sema, jibu, kwa sauti, kwa Kiingereza. Na huwa tunadhani masikio yanayohitaji kufunguliwa ni ya mwanafunzi. Yule kijana masikio yake yalikuwa wazi muda wote. Kiziwi katika darasa lile alikuwa ameshika chaki.

Halafu "akaugua". Mwana wa Mungu alitazama mbinguni akavuta pumzi ya uchungu kwa ajili ya mtu asiyeweza kusema vizuri. Sijui ni lini mara ya mwisho niliugua hivyo kwa ajili ya mtoto aliyeshindwa kujibu. Kuudhika, ndiyo. Kuchoka, kila siku.

Na neno lenyewe. Marko aliandika Injili yake kwa Kigiriki, lakini hapa hakulitafsiri tu akaendelea. Aliliacha jinsi Bwana alivyolitamka, kwa Kiaramu, lugha ya nyumbani kwake Nazareti, lugha aliyofundishwa na Mama Maria. Ndipo akaongeza, "maana yake, Funguka". Kifungo cha ulimi kililegezwa kwa lugha ya jikoni na uani. Nimelitafakari hilo nikiwa mwalimu katika shule ambako mtoto akikutwa anaongea Kiswahili anaonekana mkosaji. Ziko shule ambako mtoto kama huyo huvikwa kibao shingoni na kuzunguka nacho hadi amkamate mwenzake. Mimi siwezi kuona jinsi kibao hicho kinavyoweza kukaa katika chumba kimoja na msalaba uliotundikwa juu ya ubao. Nimesema, na ninalisimamia.

Sitaki mnielewe vibaya. Kiingereza lazima wakijue. Upimaji wa Kidato cha Pili unakuja kwa Kiingereza, wa Kidato cha Nne vilevile, na Baraza la Mitihani halitamuuliza mtoto habari za bamvua kwa Kiswahili. Mwalimu anayemwacha mtoto bila Kiingereza kwa kisingizio cha huruma hajamhurumia. Ninachosema ni kuhusu njia ya kumfikisha huko.

Jumatatu, kabla ya paredi, nilimwita chini ya mwembe. Faraghani kwanza. Nikamwambia nilikosa kwa kutabasamu, na nilikosa kwa kumketisha, naomba unisamehe. Akashtuka. Mtoto wa Pwani hajazoea mkubwa kumwomba msamaha. Akavuta mkono wa shati, akasema, "Hamna neno, madamu." Nikamwomba ruhusa ya kulisema lile jambo darasani, kwa kuwa kosa lilifanyika darasani. Akafikiri kidogo, akakubali.

Kipindi cha tatu nikawaambia wote. Sikueleza mengi. Nilisema nilicheka pale nilipotakiwa kusikiliza, na kwamba katika darasa hili anayejaribu hatachekwa tena, wala na mimi. Palikuwa kimya sana. Kisha nikampa chaki, nikamwambia atuchoree alichomchorea mdogo wake, na aeleze kwa Kiswahili. Akaeleza. Alipofika kwenye pweza wenzake wakaanza kuchangia. Mmoja ambaye mama yake anauza pweza wa kukaanga alisema siku za maji mafu nyumbani kwao mama hukosa mzigo. Halafu sentensi moja moja, darasa zima, tukazipeleka kwenye Kiingereza ubaoni. Tulimaliza dakika zote 40 na sikugusa nilichokuwa nimepanga kwenye andalio la somo. Wengi katika darasa hilo ni watoto wa Kiislamu, huyo kijana akiwa mmojawapo. Asubuhi tunaposali wao husimama kwa heshima na wenzao. Siku hiyo sikutaja aya hata moja ya Injili, na bado naamini Injili ilisomwa mle ndani.

Jioni nilipita njia ya miembe inayokwenda misheni ya zamani. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakiongozwa na Padre Horner, na miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Watoto hao walitoka bara, kila mmoja na lugha ya mama yake, mama ambaye hatamwona tena. Wakawekwa pamoja kujifunza, wengine hawana hata mwenzao mmoja wa kusema naye lugha ya kwao. Huwa nawawaza sana. Ardhi hii ninayofundishia ilianza na watoto wenye ulimi mzito.

Na walimu wao pia. Makaburi ya wamisionari yapo pale, wengi walikufa vijana, na wengi wao walifika pwani hii wasijue hata kusalimia. Alikuwepo Padre Charles Sacleux, Mfaransa, aliyefika pwani hii mwaka 1879. Kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kusikiliza: jinsi watu wa Pwani wanavyosema, kila lahaja na neno lake. Kamusi yake ya Kifaransa na Kiswahili ilitoka mwaka 1891, na ile kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikatoka mwaka 1939, miaka 60 baada ya kufika kwake, naye akiwa amepita miaka 80. Mtu asome shahada, apewe upadre, avuke bahari aje kufundisha, kisha akubali kuwa mwanafunzi wa wavuvi na akina mama wa sokoni. Kabla ya kumlaumu mtoto kwa maneno mawili ya Kiingereza, ni vizuri nikumbuke kwamba waliotuletea imani nao walianza na maneno mawili, na kuna mtu wa hapa aliyewangoja wamalizie.

Tangu wiki hiyo nina sala fupi ninayoisali kwenye veranda, nikiwa nimeshika rejesta, kabla sijafungua mlango. Bwana, anza na masikio yangu. Basi. Baadhi ya siku naisahau, na siku hizo najijua kwa sauti yangu kufikia saa nne.

Wengine wenu ni wazazi, si walimu. Mna meza ya chakula, na mna mtoto anayerudi na daftari lenye wino mwekundu. Ombeni nanyi sala hiyo mkiwa mlangoni. Mwulizeni amejifunza nini leo, kwa lugha anayoitaka, na mmwache amalize.

Nisiwadanganye kwamba kijana wangu sasa anaongoza darasa. Jaribio la mwisho alipata alama za katikati. Michoro yote sahihi, maelezo yana makosa mengi ya Kiingereza. Kimya bado kinamrudia. Lakini Alhamisi hii niliuliza swali kuhusu kupatwa kwa mwezi, na kabla sijamtaja mtu, nikaona mkono wake ukipanda, si juu, hadi usawa wa bega tu. Akasimama. Akasema maneno manne ya Kiingereza, la tano likagoma. Hakuna aliyecheka. Niliweka chaki mezani, nikangoja.