AC kwenye nyumba ya matumbawe Ngamiani, Tanga: hela ilipofikia mpaka sasa

Desemba, kabla sijanunua chochote

Bei ya kwanza niliyopewa ni milioni mbili na laki mbili, AC ya BTU 18,000 (BTU ndo kipimo cha nguvu ya kupooza) pamoja na kufunga. Chumba chenyewe ni cha mama, mita tatu na nusu kwa nne, yani kikikaa kitanda cha sita kwa sita na kabati umeshamaliza. Nikamuuliza fundi 18,000 ya nini humu, akanyoosha kidole juu, "Bosi, hapa unapooza chumba au unapooza nyumba nzima?"

Na kwa hilo nampa haki yake. Hizi nyumba zetu za zamani za Ngamiani, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati, zinaishia usawa wa boriti na juu kote ni wazi, mtu akikohoa chumba cha mbele wa chumba cha uani anamwambia pole. Ukifunga AC humo joto la bati linakushukia moja kwa moja na hewa yenye unyevu ya vyumba vingine vyote inaingia kwa juu, mashine haipumziki hata dakika. Af kuna ukuta. Ukuta wa matumbawe na chokaa una karibu futi moja na nusu, na wa chumba cha mama unatazama magharibi, jioni yote unakula jua af usiku ndo unalirudisha ndani. Ndo maana saa tano usiku nje kuna kaupepo ka bahari na ndani mtu anatota jasho na feni iko namba tano.

Kwahiyo fundi dawa yake ilikuwa mashine kubwa, mimi nikaona heri nizibe juu kwanza ndo niulize BTU.

Kuna mwingine akaniletea habari ya AC mtumba kutoka Dar, laki tano tu, nzuri kwa macho. Nikasoma kibandiko ubavuni, gesi R22. Hiyo gesi inaharibu tabaka la ozoni na nchi zetu zinatakiwa ziwe zimeachana nayo ifikapo 2030 kwa ile Itifaki ya Montreal, sasa siku ikivuja ntaijaza kwa bei gani na ntaipata wapi? Nikaachana nayo.

Januari, dari na dirisha

Dari ya jipsamu chumba kimoja, bodi, mbao za tritidi (zilizotiwa dawa), skrubu, kujaza viungo na ufundi, laki tatu na nusu. Juu yake nikatandika sufi ya kuzuia joto yenye foili upande mmoja, elfu sabini. Nakwambia hata kabla ya AC chumba kilibadilika, mama mwenyewe mchana akawa anaingia kulala, zamani mchana kile chumba ni cha kuanikia nguo tu.

Dirisha ni la mbao, la zamani, lina nondo na wavu na mapengo ya kupitisha kidole. Watu wote wananambia toa hilo weka aluminiamu. Sitoi. Hiyo mbao imekaa kabla sijazaliwa na haijaliwa na mchwa, halafu ukiifunga mchana inazuia jua kuliko kioo chochote. Nimeweka fremu ya kioo kwa ndani, laki moja na themanini, imekwisha.

Baada ya hapo fundi karudi, kapima upya, kasema BTU 9,000 inatosha. Kutoka 18,000. Nimechukua inveta, ile inayojipunguza mwendo yenyewe chumba kikipoa, ya gesi R32, laki nane na nusu.

Februari, kufunga

Umeme kwanza. Nyaya za hii nyumba ni zile nyembamba za taa ambazo kila aliyekuja kaungia soketi yake juu kwa juu, ukiweka pasi na jagi kwa pamoja zinapata moto. Hatukuzigusa. Tumevuta laini mpya peke yake kutoka meni swichi mpaka kwenye AC, waya wa milimita 4, breka yake ya ampea 20, fimbo mpya ya erthi uani, na gadi ya voltiji maana mtaani kwetu jioni umeme unashuka mpaka taa zinakuwa njano. Laki mbili na elfu kumi.

Kutoboa ukuta ndo ilikuwa shughuli. Drili ya kawaida haifiki ng'ambo, na matumbawe hayana mpangilio, hapa jiwe gumu linapiga kelele, hapa unga mtupu. Fundi alitoboa kwa ndani akafika katikati, akazunguka nje akatoboa kukutana nalo, na tundu likakaa na mteremko kidogo kwenda nje, hilo nilisimamia mwenyewe, kwasababu maji ya AC yakirudi nyuma ndani ya ukuta wa chokaa baada ya mwaka plasta yote inamwagika. Pembeni tumeziba kwa chokaa. Fundi mwashi alikuja na saruji nikamrudisha, saruji kwenye ukuta wa namna hii inafungia unyevu ndani, na chokaa Tanga haikosekani.

Yuniti ya nje hatukuitundika. Matumbawe hayashiki bolti vizuri kwa kitu kinachotetemeka usiku kucha, kwahiyo imekaa chini uani juu ya kijukwaa cha zege na mipira. Ikabidi kuongeza mita tatu za bomba la kopa, elfu sabini na tano. Na kibanda cha nondo cha kuifungia, elfu tisini, maana wezi wa kopa wapo. Uani pia panaikinga na upepo wa chumvi, nenda Raskazone kule ufukweni uone yuniti zinazotazama bahari zilivyoliwa mapezi.

Mwisho tukabishana kuhusu vakyumu, yani kunyonya hewa yote kwenye bomba kwa pampu kabla ya kuachia gesi. Fundi alitaka afungue gesi kidogo isukume hewa nje basi. "Kaka wote tunafanya hivi." Nkamwambia fundi wangu, hewa ya Tanga hii ina maji, ikibaki kwenye bomba inachanganyika na oili inageuka asidi na kompresa ndo inakufa kwa hiyo. Akaenda kuazima pampu, ikanguruma kama nusu saa, geji ikashuka ikatulia. Ufundi laki moja na ishirini.

Jumla inafika milioni moja na laki tisa na ushee, na AC yenyewe haifiki nusu yake.

Machi, luku

Hapa ndo pa kukaa chini uhesabu na usihesabu AC peke yake. Mama alikuwa kwenye D1, daraja la bei la TANESCO, ile ya yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, ukiweka VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA (wadhibiti wa nishati) 1% inakuwa 122. Alikuwa anatumia kama 70, friji, tivii na taa, yani elfu nane na mia tano. Ukizidisha 75 zile za ziada ni 350 kabla ya kodi, na ukiendelea hivyo unahamia daraja la T1, 292 kwa kila yuniti, ukijumlisha makato 356. Kwahiyo zile 70 za zamani nazo zinapanda, zinakuwa karibu elfu 25, na friji ni ileile!

AC tunaiwasha saa nne usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri, nyuzi 26, inakula kama yuniti tatu, tuseme 90 kwa mwezi, elfu 32. Jumla elfu 57, bado ile 1,500 ya kodi ya jengo. Mama kaangalia meseji ya tokeni, "Mwanangu, hii luku mbona inakimbia?" Niliwaza mita ya pili ya chumba chake, ila kuunganishiwa mjini ni laki tatu na ushee, nimeiacha kwanza.

Mkononi sasa hivi ni bati. Nataka kulipiga rangi nyeupe na kutoboa matundu ya hewa kwenye kenchi pande zote mbili joto litoke kabla halijafika kwenye dari, fundi rangi kasema laki mbili na nusu, namvuta ashuke mpaka mbili. Masika ikikatika anapanda.