Boti ya plaiwudi na maji ya Kilifi: jinsi nilivyotatua

Boti nimeiunda hapa Nairobi, plaiwudi na epoksi, injini ya farasi 5. Kwa bwawa inaenda fiti, shida ni kreki ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia bara, maji yakipwa mkondo unakusukuma, unapiga fulu na bado daraja liko palepale. Injini kubwa sikutaka, inaelemea nyuma.

Sasa kabla hata ya kufunga trela naangalia jedwali la maji. Bamvua, yaani mwezi mpevu ama mwandamo, maji yanapanda na kushuka mita 3 na zaidi, so mimi hungoja maji mafu, siku maji yanapanda na kushuka kidogo. Alafu kutoka kujaa hadi kupwa ni kama masaa 6 na mkondo mkali ni ile saa ya 3 na ya 4, hapo nakunywa chai tu. Napanda kreki maji yakijaa narudi yakianza kupwa, na kuvuka naelekeza pua kidogo kule mkondo unatoka, boti inateleza kando yenyewe hadi ng'ambo.

Pia nikagundisha ubao chini, nyuma, wa sentimita 10 hivi, haizungukizunguki tena. Mdomoni mwa kreki, upepo wa kusi ukipingana na maji yanayotoka, siendi kabisa.