Gazeti la Dola 180

Rangi ndiyo iliyoniponza. Gazeti lilikuwa kahawia kama chai ya rangi, kingo zikimeguka vidoleni, na juu limeandikwa Ulster County Gazette, 4 Januari 1800. Ndani kulikuwa na mistari minene myeusi ya msiba: George Washington amefariki, maseneta wanampa pole Rais John Adams, naye anawajibu. Hayo majibu ndiyo niliyoyataka. Nilikuwa nimeshapata ugonjwa wa kukusanya hotuba za marais wa mwanzo wa Marekani, zilizochapwa siku zile zile, na sasa, kwenye mnada wa vitu vya marehemu kando ya mto Hudson, maneno ya Adams yamelala kwenye boksi la sahani! Nikatoa dola 180 bila hata kuomba punguzo.

"Baba watoto," mke wangu akaniuliza, "gazeti la miaka mia mbili lina habari gani mpya?"

Wiki iliyofuata nikalipeleka Philadelphia, kwa mzee mmoja muuza vitabu vikuukuu. Hakulisoma. Alilinyanyua tu kwenye mwanga wa dirisha, akalishusha. Kisha akatoa kabatini jingine, la 1796, lenye hotuba ya Washington ya kung'atuka. Naiita hotuba kwa mazoea, maana Washington hakuisimamia popote kuisoma. Alimpa Claypoole, mchapaji wa mji huo huo, naye akaitoa gazetini tarehe 19 Septemba. Magazeti mengine yakaidaka, na hilo la mzee ni mojawapo. Nikalishika. Jeupe! Laini kama kanga iliyofuliwa miaka, na kwenye mwanga ikaonekana michirizi ya nyaya za kile chekecheo walichochotea karatasi.

"Karatasi ya enzi hizo ni matambara," mzee akasema. "Haigeuki rangi hivi. Inayokuwa kahawia ni ya miti, na magazeti ya miti yalikuja miongo mingi baadaye."

Toleo lile la Ulster, kumbe, lilirudiwa kuchapwa mara nyingi mno katika karne ya 19 kama ukumbusho. Nilipigwa, tena na macho yangu mwenyewe. Muuzaji hakuwahi kutamka neno "halisi". Nikauliza bei ya lile jeupe. Mzee akaitaja taratibu, kama daktari anayesoma majibu. Nikalirudisha mezani kwa mikono miwili.

Langu ninalo bado. Mke wangu alilitundika jikoni, karibu na dirisha, na kila mwaka linazidi kukolea.