Boriti ya paini chini ya mninga

Ilikuwa Tabora, kiangazi, nyumba moja kuukuu upande wa stesheni, imeinuliwa juu ya msingi wa mawe na sakafu yake ni mbao za mninga mtupu. Mama mwenye nyumba alituita mi na babu aliyekuwa ananifundisha useremala, akasema chumba cha kulala kinalia, ukikanyaga karibu na dirisha tu kwiii, mtoto anaamka. Kuna fundi alishapita kabla yetu akaongeza misumari juu, ikatulia kidogo kisha ikaanza tena.

"Si jua hili linakausha mbao babu?" mama akauliza.

"Hapana mwanangu, mbao ya paini ningekubali, ila mninga ukishakauka vizuri hausinyai hivo. Tatizo liko chini."

Hiyo kauli mpaka leo naiheshimu sana, maana kelele yenyewe ni ubao unapanda na kushuka unasugua msumari, na ubao hauwezi kucheza kama kinachoubeba kimekaa sawa, kwahiyo ukiongeza misumari unapigilia kwenye nini?

Tukang'oa mbao mbili taratibu zisipasuke, nikaingia na tochi. Boriti zote mninga, ngumu, ukigonga inaita, isipokuwa moja ya dirishani, paini, sijui nani aliibadilisha zamani, nikaigonga ikajibu bu bu, bisibisi ikazama yote. Mchwa! Njia zao za udongo zimepanda ukutani mpaka kwenye ncha ya boriti, na ukuta pale una unyevu kwasababu nje kuna bustani ya maua, udongo wake umeziba tundu za hewa za msingi.

Tukaweka boriti ya mninga, ncha yake tukaipaka dawa ya mchwa na kuilaza juu ya nailoni nzito isiguse ukuta. Palipobaki uwazi babu akachomeka kabari nyembamba yenye gundi, anasukuma kwa kidole gumba tu, ukiigongelea kwa nyundo unainua ubao na kelele inahamia pembeni. Juu tukafunga kwa skrubu badala ya misumari, tunatoboa kwanza na drili.

Maua ndo yalileta ugomvi. Mama aliyapenda kweli, ila babu hakupokea hela mpaka tulipoyahamishia kwenye uzio, tukachimbua udongo, tundu zote zikaonekana, tukazipigia wavu wa chuma panya wasiingie.