Mbona Dada Huyu Kainamisha Shingo?

Jumapili usiku, sakafuni: mkasi, gundi, nailoni na rundo la madaftari. Shule zinafungua kesho, na mimi na utu uzima wangu nimeiacha kazi ya kujalidi mpaka saa mbili. Magazeti ya kawaida yalishaisha, nikavuta boksi la majarida ya zamani uvunguni. Karatasi zake ngumu, hazichaniki kwenye kona. Nikatandaza jalada moja, nikaweka daftari la Hisabati juu yake. Binti yangu akaliondoa daftari.

"Mama, huyu dada anaumwa shingo?"

"Hapana. Anapigwa picha."

"Akimaliza kupigwa ataweza kuinyoosha?"

Nikamwambia akalale.

Jalada lile nalijua. Siku linapigwa nilikuwepo studio, nyuma ya mpiga picha, nikila mshahara wa jarida ambalo siku hizi halipo. Sauti iliyosema "inamisha kichwa kidogo, dada, kidogo tu, hapo hapo" ilikuwa yangu. Na kinachoniudhi si kwamba nilisema. Ni kwamba nilikuwa najua. Nilijua tangu 2006, saluni kwa Mamdogo.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, na tulipewa kazi ya kuwasilisha mbele ya darasa somo la nadharia za vyombo vya habari. Wenzangu waligombania redio na uchaguzi. Mimi nikachukua sura ya mwanamke kwenye majarida. Si kwa uanaharakati, ni kwa uvivu: majarida yalikuwepo Mwananyamala, bure, kwenye stuli ya saluni. Drum za zamani, lile lililoanzia Afrika Kusini 1951, zilizopoteza majalada. Za mitindo kutoka Nairobi. Fema mbili tatu, jarida la vijana, zilizosahauliwa na wanafunzi. Kulikuwa pia na nakala moja ya Sauti ya Siti, jarida la TAMWA, chama cha wanahabari wanawake Tanzania, safi kama imetoka kiwandani kwa sababu haikuwa na mitindo ya nywele. Siku zote nimeona kuna jambo hapo. Jarida limebeba jina la Siti binti Saad, mwanamke aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, wengi wakaijua sauti yake bila kuiona sura, halafu linakaa saluni halishikwi.

Mamdogo aliyaita yote "vitabu".

Desa, yaani makaratasi ya somo, lilikuwa fotokopi ya fotokopi. Nililielewa hivi. Laura Mulvey, Mwingereza, aliandika 1975 kwamba kamera za Hollywood zinatuazima macho ya mwanaume: yeye anatazama, mwanamke anatazamwa. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, akasema tusiwaone wasomaji kama ndoo inayomiminiwa maji: kuna anayepokea ujumbe kama ulivyotumwa, kuna anayechukua nusu na kuacha nusu, na kuna anayeukataa kabisa. Ila niliyempenda ni Erving Goffman, Mkanada, aliyetoa kitabu 1979 kilichojaa picha za matangazo, akionyesha vitu ambavyo ukishaonyeshwa huwezi tena kutoviona. Mwanamke hashiki kitu, anakipapasa. Goti moja limekunjwa. Shingo imelala upande. Macho yako mbali, kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Nikanunua manila nne na maka pen nyekundu. Nikakata picha, nikabandika, nikachora mishale, na juu ya kila manila nikaandika kwa herufi kubwa tafsiri zangu mwenyewe za yale majina marefu ya Goffman: MGUSO. UKUBWA. KUJISHUSHA. KUZUBAA.

Jumamosi moja asubuhi nikaenda kufanyia mazoezi kwa Mamdogo. Mwaka ule mnaukumbuka kwa mgao wa umeme. Drai lilikuwa kimya, na chini yake wanawake watatu wenye rola kichwani walikuwa wakingoja umeme urudi. Hawakuwa na pa kwenda. Nikawahutubia.

"Mtazameni anavyoshika hii chupa ya losheni. Hajaishika! Ameigusa kwa ncha za vidole. Sasa muoneni mwanaume wa tangazo la simu. Kaikamata."

Mamdogo alikuwa anamsuka binti mmoja twende kilioni, na hakuinua macho. "Mimi nikishika kitana hivyo, huyu ataondoka hapa Jumatano."

Wakacheka. Nikapata nguvu, nikaingia kwenye jicho la mwanaume. Hapo mama wa rola za bluu akanikata kauli.

"Mwanaume gani? Mume wangu hata hajui kitabu hiki kinafunguliwa upande upi. Wanaotazama humu ni sisi."

Nikaandika pembeni mwa desa: muulize mwalimu. Sikuwahi kumuuliza.

Nikaona nitumie jaribio la Goffman mwenyewe, anayeshauri uwabadilishe kichwani, mwanaume umweke mahali pa mwanamke, uone kama picha bado inakaa sawa. Kichwani mwangu lilishindikana, lakini mlangoni alikuwa ameingia kijana wa maji, dumu la lita 20 kila mkono, jasho linamtiririka. Mamdogo akamwambia, "Weka chini, baba, msaidie dada yako masomo."

Hakuuliza mara mbili. Akaitazama picha ya KUJISHUSHA kwa makini, kama fundi anayeangalia ramani, kisha akaanza kujipanga kipande kipande. Goti la kushoto akalikunja. Nyonga ikaenda upande. Mkono mmoja kiunoni, kidole cha mkono mwingine chini ya kidevu, kidole chenye kucha iliyopasuka. Mwisho kabisa akailaza shingo, akatuangalia kwa chini, midomo imeachana kidogo.

Saluni ililipuka. Mama wa rola za bluu aliteremka kwenye kiti akashika ukuta. Binti wa twende kilioni aliruka, Mamdogo akamrudisha chini kwa kuvuta msuko. Kijana hakucheka. Alishikilia pozi lile mpaka tulipoanza kunyamaza wenyewe, ndipo akasema, "Dada, naomba nikae sawa. Shingo inauma."

Nilikuwa nimeshinda. Nadharia ilikuwa imesimama pale imelowa jasho, kila mtu kaiona.

"Haya," Mamdogo akasema. "Na wewe sasa. Simama kama yule wa simu."

Nikaona jambo dogo. Nikasimama katikati ya sakafu, kwenye nywele zilizokatwa, nikapanua miguu, nikakunja mikono kifuani.

"Mbona unacheka?" akauliza mama wa rola za bluu. "Yule hacheki."

Nikaufuta uso. Kicheko kikarudi chenyewe.

"Umeegemea mguu mmoja," mwingine akasema.

Nikarekebisha. Nikatazama mbele, juu ya vichwa vyao, kama yule bwana anavyotazama mbali huko ambako bila shaka kuna pesa. Kwenye kioo nikajiona: shingo imelala. Si sana. Kidogo tu, hapo hapo. Nikainyoosha kwa makusudi, nikahesabu moja, mbili, tatu, na wakati nainyoosha mkono mmoja ukaponyoka kifuani ukaenda kushika ncha ya mtandio wangu. Sikuutuma.

Kijana wa maji alinionea huruma. "Achia mabega, dada. Halafu usituangalie kama tumekukamata unaiba."

Safari hii hawakucheka sana. Umeme ukarudi, drai likaanza kuunguruma, kila mtu akarudi kwenye shughuli yake, na mimi nikakunja manila zangu.

Mengine ni mafupi. Niliwasilisha, nikapata 17 kati ya 20. Mwalimu aliuliza swali moja tu: wasomaji wenyewe wanasemaje? Nilikuwa na saluni nzima mkononi, nikamjibu kwa desa. Aina tatu za wasomaji za Stuart Hall, kwa mpangilio, bila kukosea. Mama wa rola za bluu sikumtaja, na shingo yangu kwenye kioo ndiyo kabisa.

Ajira ilipokuja nikagundua kwamba studio ina lugha yake. Msichana akisimama wima mpiga picha anasema "amekakamaa", mhariri anasema "haiuzi", na wewe wa katikati unatafuta neno la haraka la kumsaidia kabla taa hazijamchosha. Neno nililokuwa nalo lilikuwa hilo. Wapo waliokataa kuinama, na picha zao zilitoka nzuri tu. Sijui kwa nini sikujifunza kutoka kwao.

Manila? Mamdogo alidai vitabu vyake. Nikamwambia nimevikata. Akazichukua manila zote nne, akazipigilia misumari ukutani pale saluni, mishale myekundu na maandishi kama yalivyo. Nilipopita miezi baadaye nilimkuta dada mmoja anayejiandaa na harusi, kidole kwenye ukuta.

"Mamdogo, mimi nisuke Kujishusha. Ila hapa pembeni nibanie kama Kuzubaa."

Mamdogo akanitazama kupitia kioo, akameza kicheko.

"Elfu 12," akamwambia. "Na rasta uje nazo."