Siku daktari wa macho aliponiona na sindano kifuani

Ilikuwa 2022, mwezi wa nne, mvua za masika zimeshika, niko kituo cha mabasi ya mwendokasi Kimara, Dar, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mnaopandia pale mnajua, basi likifungua mlango watu wanaingia kama maji ya mtaroni. Kiwiko cha mtu kikanipita usoni, miwani ikaruka, sikuona hata ilipoangukia maana kitu cha kuitafutia ndo hichohicho kimeanguka. Nikasikia tu kraa chini ya kiatu cha mtu.

Namba zangu ni mainasi tano jicho la kulia, la kushoto mainasi tano na robo. Kwa asiyevaa miwani nieleze hivi, vua yangu uone dunia inavyoishia kiganjani, sentimita ishirini hivi, hapo kila kitu naona safi hadi vinyweleo vya mkono, kuanzia hapo kwenda mbele ni uji mtupu. Watu nawajua kwa mwendo na kwa kanga walizovaa. Kwa hiyo asubuhi ile nikapanda tu basi lililokuja, mi naenda Gerezani nishuke Kariakoo, ofisi yangu iko vichochoro vya nyuma ya mtaa wa Kongo. Nimekaa, nimekaa, naona safari imekuwa ndefu, af nikaanza kusikia harufu ya samaki. Kumbe niko Kivukoni, karibu na soko la samaki, nimepanda basi lisilo langu na nimejua nimepotea kwa pua!

Lenzi mpya zilichukua siku nne, kwa namba kubwa hivi wanataka wakutengenezee nyembamba usivae matako ya chupa. Siku zote nne nilivaa miwani ya zamani mkono mmoja umefungwa uzi wa overloki. Mdogo wangu akapiga vidio koli akaniona, akacheka hadi simu ikamdondoka.

Yeye yuko Dubai, anafanya kazi hotelini, ana miaka 28, na mwaka uliotangulia alifanyiwa leza ya macho hukohuko. Tangu hapo alikuwa hana habari nyingine. Dada, naamka naona saa ya ukutani. Dada, naoga naona shampuu imeandikwa nini. Alinisimulia mwenyewe, unalazwa kitandani, unawekewa matone ya ganzi, hamna sindano, unaambiwa angalia ka-taa, unasikia harufu kama nywele inaungua, dakika kumi na tano hivi jicho limekwisha, kesho yake unaona. Macho yalimkauka miezi kadhaa ikawa kila saa anadondoshea matone, na taa za magari usiku zilikuwa na duara duara mwanzoni, lakini alisema hata afanyiwe tena leo haogopi. Akamaliza na, "Dada hiyo miwani utazikwa nayo? Mi nalipa, we nenda kapime tu."

Na hela akatuma kweli. Nyingi, ya kununua overloki nzuri ya kiwandani, ile mashine ya kufungia kingo za nguo, na chenji ikabaki. Kumbukeni hiyo overloki.

Mama nilipomwambia akaweka ungo chini. Yeye operesheni ya macho anayoijua ni ya mtoto wa jicho, kuna jirani yetu zamani alifanyiwa haikwenda vizuri, kwa hiyo kichwani kwake kisu na jicho havikai sentensi moja. Nilimweleza hii ni kitu kingine, mtoto wa jicho lenzi ya ndani imeingia ukungu wanaitoa wanaweka nyingine, hii leza inachonga kioo cha mbele tu. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "We si unaona lakini?" Nikakosa jibu. Naona. Nikivaa.

Ila mi nilitaka, nisidanganye. Nilikuwa na miaka 44, miwani navaa tangu darasa la sita, mnajua kutoka kwenye gari la AC kwenye joto la Dar miwani yote inakuwa mvuke unasimama barabarani kama mlevi? Bodaboda na mvua? Kufunua sufuria la wali? Na harusi yangu nilivua ili picha zitoke vizuri, nikaenda kumkumbatia mjomba kwa furaha kumbe ni mpiga matarumbeta. Hiyo picha ipo.

Basi nikaenda, hospitali moja ya macho hapahapa Dar. Mapokezi kuna binti ananiambia kuna ofa mwezi huu mama, macho mawili, nikamwangalia tu, mi mwenyewe nikiwa na vitambaa vya kumaliza nawaambia wateja hivyohivyo. Vipimo vilichukua asubuhi nzima. Kuna mashine moja ina miduara mingi ndani ya miduara, unaweka kidevu, unaambiwa usipepese, inakuchorea ramani ya kioo cha jicho kwa rangi kama zile ramani za mvua. Wanatafuta kama kuna sehemu imebinuka au nyembamba isivyo kawaida, ukikutwa nayo hawakugusi. Nyingine inapima unene. Wakaniuliza namba zimebadilika lini mara ya mwisho, nasikia macho makavu, nina sukari, nafikicha macho?

Daktari alikuwa kijana, mpole, anaongea taratibu. Akanigeuzia skrini. "Mama, kioo chako kina maikroni 541." Hiyo ni nusu milimita na ushee, ndo unene wote. Akaniambia wanakata kifuniko chembamba kama maikroni 110 hivi, wanakifunua kama ukurasa, leza inanyoa chini yake, kwa namba zangu kama 80, halafu kifuniko kinarudishwa mahali pake. Nikamuuliza kinashonwa na nini. Akasema hakishonwi, kinajishika chenyewe. Aisee hapo aliniacha hoi, miaka ishirini na kitu nashona sijawahi kusikia kitu kinakatwa na kurudishwa bila mshono! Akasema lazima kibaki angalau 250 chini, kisipobaki jicho linaweza kulegea na kubinuka baadaye, nikapiga hesabu kwenye kiganja, mimi itabaki 350. Nikamwambia dokta hiyo naielewa, ni kitambaa cha kupandia, fundi asiyeacha cha kupandia nguo ikifumuka hamna pa kushika tena. Akacheka, akasema unafaa. Yaani nilipita kila kipimo. Mi nikaanza kuuliza tarehe.

Ndo akaiona sindano.

Mafundi wenzangu mnajua, sindano tunachomeka kifuani kwenye gauni tunasahau, nimewahi kuingia nayo hadi kanisani. Akauliza, "Mama hiyo sindano, unafanya kazi gani?" Nikamwambia nashona, magauni ya harusi hasa, lesi, shanga, kazi ya mkono. Akaiweka kalamu chini. "Ukitunga uzi unavaa miwani au unavua?"

Sijui. Yaani sikuwahi kujiuliza, mkono unafanya wenyewe. Akaniambia vaa miwani yako mpya, hivyo unavyoona mbali sasa ndivyo utakavyoona baada ya leza, haya tunga.

Nikachomoa sindano, namba tisa, uzi mweupe uko kwenye pochi. Nikalamba ncha, nikaisogeza karibu na uso kama kawaida yangu, sindano ikawa mbili. Nikasogeza mbali kidogo, ikarudi kuwa moja lakini tundu silioni, naona chuma tu kinang'aa. Nikapeleka uzi kwa kubahatisha, ukapita pembeni. Nikalamba tena. Mara ya tatu ncha ikachanua kama ufagio, jasho likaanza kunitoka, na kile chumba kina AC. Kijana wa watu katulia tu. Bila kufikiri nikasukuma miwani juu ya paji la uso, nikaleta sindano sentimita ishirini pale pale pangu, tundu likawa kubwa kama mlango, uzi ukaingia mara moja.

Akasema, "Umeona? Hiyo uliyosukuma juu, ukishafanya leza huna tena cha kusukuma."

Akanieleza kwamba ndani ya jicho kuna lenzi nyingine, utotoni ni laini inajikunja kuona karibu, inakwenda inakakamaa, ukigonga arobaini hivi unaanza kusogeza simu mbali. Leza haiigusi hiyo, inachonga mbele tu. Mdogo wangu na miaka yake 28 yake bado laini, ndo maana anaona mbali na karibu vyote, zamu yake itafika. Mimi niliye mainasi, nikivua tu miwani napata karibu bure. Nikichongwa nione mbali, hiyo ya bure inaondoka, nitavaa miwani ya plasi kwa kushona, na kila miaka michache namba itapanda. "Sikukatazi mama. Kuna dereva angekuja hapa na namba hizihizi ningemwambia njoo kesho. Ila wewe unaishi hapa," akaonyesha umbali wa mkono uliokunjwa, "sio kule dirishani."

Nilimkumbuka mzee aliyenifundisha kazi, mzee mmoja wa Tanga, suruali zake zilikuwa hazina mfano. Asubuhi anapanga sindano kumi kwenye kitambaa chekundu ananiita, mtoto njoo nitungie. Natunga kumi zote. Zikiisha uzi mchana ananiita tena, na siku nikitumwa sokoni nikichelewa namkuta amekaa mikono mapajani anangoja. Nilikuwa nadhani anapenda tu kunituma.

Kulikuwa na njia ya katikati. Jicho moja wanalichonga lione mbali, la pili wanaliacha na mainasi kidogo lione karibu, ubongo unachagua wenyewe. Wapo wanaoipenda sana, ila daktari hakutaka nikatwe kwanza, akanipa zile lenzi za kubandika juu ya jicho na kutoa, za wiki moja nijaribu. Kulia mbali, kushoto karibu. Kuziweka tu ni mtihani, siku ya kwanza nilitumia dakika arobaini mbele ya kioo natukanana na kidole changu. Ila nikitoka nje, jamani! Nilitembea mtaa wa Kongo bila kitu puani, naona vibao, naona bei za madela kutoka ng'ambo ya barabara, mvua ikanyesha nikainua uso juu makusudi. Siku mbili nilikuwa na furaha ya kitoto.

Siku ya tatu ngazi za ofisini zikaanza kunichezea, mguu unakanyaga kabla ngazi haijafika. Chai nikamimina pembeni ya kikombe. Daktari alishaniambia vipimo vya umbali vitayumba na ubongo unahitaji muda, nikavumilia. Shida ikaja Alhamisi, nina gauni la bi harusi wa Jumamosi, lesi kifuani inashonewa shanga kwa mkono, ndogo zile za mchele. Nikashona mstari mzima kwa jicho la kushoto huku la kulia linaleta ukungu wake pembeni kama jirani anayechungulia. Kichwa kinauma. Usiku nimetoa zile lenzi, nikasogeza lesi pale pangu pa sentimita ishirini, mstari umekwenda upande. Shanga arobaini na kitu. Nikafumua zote moja moja, nikashona upya mpaka saa nane usiku, macho matupu, pua inakaribia kugusa kitambaa, na kusema ukweli mkono ulikuwa unacheka wenyewe.

Asubuhi nikampigia daktari nikamwambia hapana. Sio ushujaa wala busara, na uoga ulikuwepo pia, siwezi kusema haukuwepo, zile taa za duara duara na macho makavu vilinikaa kichwani. Lakini kama angenipima akaniambia vya karibu nitaviona kama zamani, ningelala kwenye kile kitanda wiki ileile.

Nilinunua fremu nyepesi na mnyororo wa shingoni, ile ya wamama, niliyoapa sitavaa. Kimara sasa naingia na miwani mkononi nimeikumbatia kama yai, nikishakaa ndo naivaa.

Mdogo wangu nilimficha wiki mbili. Alipopiga akataka nisome kitu kilichoko ukutani, nikamwambia sijafanya, nikamweleza sindano, mzee wa Tanga, shanga, yote. Kimya. Halafu akasema haya dada, basi hela yangu nirudishie. Nikageuza simu nikamwonyesha kona ya ofisi, iko mezani, nyuzi nne, mota yake haina kelele, nailoni la kufungia bado sijalitoa lote. Akaitazama muda mrefu, akauliza, "Inafunga na pindo la abaya?"