Simu ni marufuku shuleni, balaa zake zinaingia tu

Shule ninayofundisha ni sekondari ya kutwa, Busia, upande huu wa Uganda. Simu ni marufuku, kama ilivyo katika shule nyingi za nchi hii, na marufuku yenyewe ina meno: simu ikikamatwa inafungiwa ofisini, na zipo shule ambako huvunjwa paredini wanafunzi wote wakitazama. Siipingi marufuku. Darasa lililojaa mpaka mlangoni halifundishiki ikiwa kila mmoja ana TikTok mfukoni. Lakini ina madhara ambayo hayasemwi sana: mtoto akipatwa na jambo baya kwenye simu, shuleni hawezi kulitamka, kwa sababu kulitamka ni kujishtaki.

Nililiona hilo kwa msichana wa Senior 2, yaani mwaka wa pili wa sekondari. (Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike.) Aliingizwa kwenye grupu la WhatsApp la mitihani ya zamani. Tangu mtaala mpya wa sekondari uanze mwaka 2020 wanafunzi wanapewa miradi na kazi za utafiti, vitabu havitoshi, kwa hiyo magrupu ya namna hii yamejaa na mwenye nayo hajulikani. Humo akatokea mtu aliyejiita mwalimu wa fizikia, akaanza kumwandikia pembeni. Maswali ya fizikia yakapungua, sifa zikaongezeka, mwisho akaomba picha. Alipoipata, lugha ikageuka: tuma laki mbili kwa mobile money, la sivyo naipeleka kwa wazazi wako na kwa shule nzima.

Alinijia mimi kwa sababu nafundisha Kiswahili na sihusiki na nidhamu. Neno lake la kwanza halikuwa picha wala pesa. Alisema, "Mwalimu, simu si yangu, ni ya dada."

Nilimwambia simu tuiache kwanza. Picha sikuiomba na sikuitazama, na mwalimu yeyote anayesoma hapa naye asifanye hivyo: chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, picha ya ngono ya mtoto ni kosa kuwa nayo na kosa kuisambaza, hata kama nia yako ni kusaidia. Tulichopiga skrinishoti ni vitisho, namba ya simu, na jina la namba ya mobile money aliyotaka itumiwe pesa. Hatukulipa. Anayelipwa mara moja hurudi, maana ameshajua kwamba mfuko upo. Hatukufuta mazungumzo pia, ingawa msichana alitamani yafutike yote usiku ule. Ushahidi ukishahifadhiwa ndipo unamripoti mtu na kumzuia.

Kisha tukapiga 116. Hiyo ni namba ya bure ya kuwasaidia watoto Uganda, inaitwa Sauti, iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kwetu mpakani kuna jambo la kuchekesha kidogo: nusu ya watu wana laini za Kenya kwa sababu mtandao wa ng'ambo unafika mpaka sebuleni, na 116 ya Kenya nayo ni ya watoto. Kwa hiyo ninawaambia wanafunzi, laini yoyote iliyomo kwenye simu, namba ni hiyohiyo. Baada ya hapo tulikwenda polisi na mama yake, kwenye kitengo cha ulinzi wa familia na watoto, si kaunta ya mbele ambako kila mpita njia anasikia.

Kitu kingine kilichompa pumzi ni huduma ya Take It Down, inayoendeshwa na kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa. Ni bure, kwa picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako. Simu inatengeneza alama yake, kama alama ya kidole, na alama hiyo ndiyo inayopelekwa kwa kampuni zilizojiunga ili picha ikitokea kwao itolewe. Ndani ya mazungumzo ya WhatsApp haifiki, kwa kuwa yamefungwa kwa siri ili asiyehusika asiweze kuyasoma. Nilimweleza hivyo bila kupamba. Mtoto aliyedanganywa na mtu mzima mmoja hahitaji mwingine wa kumpoza kwa uongo.

Kesi yake ilipotulia ndipo nilipokwenda kwa Mwalimu Mkuu na ombi moja tu: mwanafunzi anayeleta tatizo la mtandaoni asiadhibiwe kwa simu iliyolileta tatizo hilo. Simu irudishwe kwa mzazi, kesi ya simu iishie hapo.

"Sasa si tutakuwa tumewaruhusu simu kwa mlango wa nyuma?" akauliza.

"Mzee, simu wanazo. Tunachochagua ni kama tutajua yanayowapata au hatutajua."

Hakukubali siku hiyo. Mwalimu wa nidhamu ndiye aliyembadilisha mawazo, jambo ambalo sikulitarajia kabisa; alisema amechoka kuwa mtu wa mwisho kujua. Kanuni ikaandikwa, ikasomwa paredini kwa Kiingereza, nami nikairudia kwa Kiswahili, maana kwetu wamechanganyika Wasamia, Wateso, Wanyole na Waganda, na Kiswahili ndicho kinachowafikia wote bila mtu kujifanya hakuelewa.

Masomo ya usalama mtandaoni nilifundisha bila kompyuta na bila intaneti. Nilichora ukurasa wa faragha wa WhatsApp kwenye karatasi ya manila, mkubwa kama dirisha: nani anaweza kuniingiza kwenye grupu, nani anaona picha yangu, nani anaona nilionekana lini. Kila kimoja tukakiweka kwa watu ninaowajua tu. Hilo la magrupu wengi hawakujua kama lipo. Kisha ulinzi wa hatua mbili, ule wa namba sita unazojiwekea mwenyewe, na tofauti yake na ile namba sita inayokuja kwa ujumbe. Ya pili ndiyo matapeli wanayoiomba: "Nimetuma namba kwako kwa bahati mbaya, nisaidie." Ukiitoa, akaunti imeondoka, na sasa anawaomba shangazi zako pesa kwa jina lako.

Zoezi walilolipenda zaidi lilikuwa la upelelezi. Nilichora picha ya kubuni ya msichana amesimama barabarani, wao waseme mgeni anajua nini kumhusu. Nembo ya sare: shule. Bodaboda na kibao nyuma: steji anayopandia. Kivuli kirefu: saa anayopita. Walichimba mpaka nikaogopa mimi. Baada ya kipindi hicho sikuhitaji kuhubiri kuhusu picha za sare.

Ajabu ni kwamba shule yenyewe ilikuwa ikiweka picha za wanafunzi mtandaoni, na majina chini yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kukusanya au kutumia taarifa binafsi za mtoto, na marekebisho ya 2022 ya ile sheria ya kompyuta yaligusa suala hilohilo. Sasa fomu ya kujiunga ina mstari wa ridhaa, na majina yametolewa.

Kwa wazazi kazi ilikuwa tofauti. Ushauri mwingi unaosambaa unasema simu ya mtoto itumike sebuleni. Sebule ipi? Wazazi wetu wengi wana chumba kimoja, na simu moja ambayo ndiyo benki, ndiyo redio, ndiyo shule. Tukaanza na hiyo moja. Namba ya siri ya mobile money asiijue mtoto. Usiku simu ichajiwe upande wa kichwa cha mzazi. Mtoto wa chini ya miaka 13 asifunguliwe WhatsApp wala TikTok, kwani kampuni zenyewe zimeweka umri huo. Wenye simu ya pili niliwaonyesha Family Link ya Google, inayomwezesha mzazi kupanga saa na kuidhinisha programu, ila inataka akaunti ya Google kwa pande zote mbili, na wengi hatukufika mwisho.

VPN, programu inayopitisha intaneti yako njia nyingine ili kufungua kilichofungwa, ilizua kicheko. Facebook ilipofungwa Uganda Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, watu wazima ndio waliojifunza VPN, wakawawekea na watoto, au wakaagiza laini ya Kenya ambako Facebook inafunguka yenyewe. Nikawaeleza kwamba VPN hiyohiyo huruka vichujio unavyomwekea mtoto. Mama mmoja muuza samaki akauliza, "Kwa hiyo mwizi ni mimi niliyemwonyesha dirisha?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, lakini programu nyingi za VPN ziliondolewa mchana ule.

Nyumbani kwangu nina mvulana wa P.6, darasa la sita la msingi, anayecheza mchezo wa Free Fire kwenye simu yangu. Tulizima maongezi ya sauti, na tulikubaliana kwamba akiniambia jambo, simu hainyang'anywi siku hiyo. Alinijaribu mapema: kuna mtu alimwahidi almasi za mchezo akimpa namba yangu ya siri. Mkono ulitaka kuichukua ile simu, nikauficha mfukoni, nikamuuliza alimjibu nini. "Nilimwambia mama yangu ni mwalimu." Akaendelea kucheza.

Waliobaki wagumu ni wavulana wa Senior 3 na 4. Wasichana wanakuja wenyewe, wavulana wanatumwa. Hali hiyo haiko kwetu tu; polisi wa Marekani wanasema walengwa wakuu wa vitisho vya picha kwa ajili ya pesa ni wavulana wa miaka 14 hadi 17, na aibu inawafunga mdomo. Niliweka sanduku la maswali lisilo na majina nje ya maktaba. Niliyoyapata humo kwanza yalikuwa ya kubeti: anayetumia akaunti ya kaka yake, anayedaiwa nauli yote ya muhula. Sheria ya Uganda ya 2016 inakataza kubeti chini ya miaka 25, na nusu yao walidhani ni 18. Kwa hiyo kipindi kijacho ni cha kubeti, na nimemwomba mwalimu wa hesabu aje na uwezekano wake ubaoni. Kikaratasi kimoja tu kilitaja picha. Nimekijibu kwenye ubao wa matangazo kwa kurudia hatua zote, na 116 kwa herufi kubwa, ili aliyekiandika asilazimike kujitokeza.